Picha kama postikadi? Ngoja nikusimulie yangu ya Lamu

Ndugu uliyeuliza, umesema una kamera ya mtumba, umehamia Lamu tangu mwaka jana, na kila picha unayopiga inatoka kama postikadi: jahazi, punda, mlango wa nakshi, jahazi tena. Ukaongeza kwamba ukiinua kamera tu watu wanakupa kisogo. Wewe umeyahesabu matatizo mawili. Kwangu yalikuwa jambo moja, na hivyo visogo ndivyo vilivyonitoa kwenye postikadi.

Mimi si mpiga picha wa harusi wala wa paspoti. Nauza misumari na saruji mtaa wa Langoni. Kamera ni ya Ijumaa na ya siku duka likilala. Nilianza 2014, na miaka miwili ya mwanzo nilipiga unavyopiga wewe. Nalipa mashua inipeleke ng'ambo, kisiwa cha Manda, ili nipate mji na machweo pamoja, maana mji wetu umeelekea mashariki, jua linazama mashambani nyuma ya nyumba. Picha zikawa nzuri. Nzuri hivyo hivyo kama za mgeni aliyeshuka asubuhi kutoka uwanja wa ndege. Maulidi yakija ndiyo usiseme, tulikuwa tunasimama safu moja watu ishirini, punda mmoja, picha ishirini.

Sasa kile kisa. Jirani yetu mmoja wa mtaa wa Mkomani, bi mkubwa, alikuwa na kawaida ya kukaa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, alasiri anasuka ukili, ule mkanda wa ukindu wa kushonea mikeka. Mwanga unamwangukia begani kutoka juu ya ukuta wa pili. Nikampiga bila kusema neno, nikaiweka Facebook usiku ule ule. Watu wakaisifia sana. Siku ya tatu mama yangu akaniita chumbani, na mama akikuita chumbani badala ya kusema palepale uani ujue kuna jambo. Jamaa yake yule bi aliye Nairobi ameiona picha, kapiga simu. "Sura ya mtu ni yake," mama akaniambia. "Wewe uliiomba?"

Nikaifuta, nikaenda kuomba radhi. Nilitarajia kufokewa. Bi mkubwa akanitazama, akasema, "Ungenambia, ningebadilisha leso. Ile ya jikoni ndiyo umenipeleka nayo Nairobi!" Nikacheka kwa aibu, nikathubutu kumuuliza kama sasa ninaweza kupiga nyingine. Akakataa katakata. Kisha, nikiwa nimeshaanza kuvaa viatu, akasema: "Vidole piga. Vidole havina jina."

Nikapiga vidole na ukili. Ile picha inaishinda ile niliyoifuta, na wala si kwa kidogo. Kwenye ile ya sura, mtu alikuwa anaona "bibi wa Kiswahili", basi, kamaliza. Kwenye vidole anaona kazi: kucha yenye hina iliyokwisha nusu, ukindu ulivyomkata kidole cha shahada kwa miaka. Tangu siku ile nikajiwekea sharti, mwaka mzima sipigi uso wa mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona mji. Ukikatazwa uso, unabaki na nini? Kisigino. Pindo la buibui. Mkono unaopokea chenji dukani. Na zaidi ya vyote, kivuli, ambacho Lamu ni mali. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, unafuata pwani, lakini vichochoro vingi vinateremka kuelekea baharini, kwa hiyo asubuhi jua likitoka upande wa Manda linapenya ndani yake moja kwa moja. Linakaa muda mfupi, kisha kuta zinalimeza. Tafuta mahali penye wikio, kile chumba kilichopita juu ya njia kutoka nyumba hii hadi ile. Chini yake giza, mbele yake ukuta wa chokaa unawaka. Simama gizani, ngoja. Atapita mtu, huhitaji kumjua ni nani.

Kamera yako itakukosesha hapo, na si ubovu wake. Yenyewe inataka kila kitu kiwe kijivu cha kati: ikiona giza jingi inaongeza mwanga, ule ukuta unaungua, unakuwa karatasi tupu. Tafuta kitufe chenye alama ya kuongeza na kutoa, shusha mpaka −1, hata −2. Giza liache liwe giza. Kwenye kamera za dijitali, palipoungua pakawa peupe kabisa hakuna utakachorudisha, ila penye giza bado unaweza kuvuta kidogo, hasa ukihifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi kabla kamera haijaitengeneza.

Lenzi, mimi nina moja tu, ya 50 mm. Kwenye kamera hizi zetu zenye kihisi kidogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) inabana kama ya 75 au 80, na kichochoroni ukirudi nyuma unagonga ukuta. Mwanzoni niliona ni mkosi. Kumbe ndiyo iliyonilazimisha kuchukua kipande cha kitu badala ya kitu kizima. Usikimbilie kununua nyingine. Hela hiyo nunua boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, utie vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Lenzi yangu ya kwanza niliiacha ndani ya mkoba wa ngozi msimu mzima wa mvua. Nilipoifungua ilikuwa na kuvu ndani ya kioo, nyuzi nyuzi kama buibui kajenga. Na ukitoka pwani upepo wa kusi ukivuma, pangusa ile chumvi kabla hujala.

Nikupe na siri moja ya huku kwetu. Lamu iko kama digrii mbili tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka jua linapita utosini hasa: katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Machi, kwenye saa sita na dakika ishirini na tano mchana, kivuli kinapotea. Nguzo haina kivuli, punda amekanyaga chake chote chini ya tumbo. Wenye vitabu wote watakwambia mchana usipige, mwanga mbaya. Kwa Ulaya sawa. Huku, dakika zile wazee wanatoka kwenda adhuhuri na kanzu nyeupe, na uso umezama ndani ya giza chini ya kofia. Sharti langu la nyuso likawa linatimizwa na jua lenyewe! Nimepiga siku hizo miaka minne mfululizo, pembe ile ile, na nina picha sita ninazozipenda. Sita, katika mamia.

Kwa hiyo usizunguke mji mzima. Chagua pembe moja karibu na unapolala, uende bila kamera wiki ya kwanza, watu wakuzoee na wewe ujue jua linafika pale saa ngapi. Watoto watakuja, "nipige mimi, nipige!" Wapige, lakini kwanza waulize wazazi wao.

Umeomba tuone picha. Za vivuli nitazipandisha hapa Ijumaa nikifunga duka. Ya vidole siwezi: nilisafisha nakala moja Mombasa nikampelekea mwenyewe, na faili likaenda na kompyuta yangu ya zamani. Kaibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Nikitaka kuiona nabisha hodi, nanyweshwa chai kwanza.