Maji ya uani wakati wa mgao: kilichoiokoa bustani yangu Tabora

Mwezi wa 9 kwetu Tabora ardhi imeshakauka tangu mwezi wa 5, na mvua ya kutegemea haianzi mpaka mwezi wa 11. Mwaka huo maji ya bomba yakawa yanatoka usiku mmoja tu kwa wiki. Nilikuwa na pipa la lita 200, watoto watatu na bustani nyuma ya nyumba, Isevya.

Nianze na kosa langu, maana najua wengi tunalo. Niliacha bomba la uani wazi ili maji yakija nisikie. Nikalala fofofo. Alfajiri nikakuta uwanja mzima tope, maji yamevuka hadi kwa jirani, na mita imesogea uniti 3. Uniti 1 ni lita 1,000, kwa hiyo zilimwagika lita 3,000, madumu 150 ya lita 20. Niliumia sana, kwa sababu jioni ile nilikuwa nimemgombeza binti yangu kwa kumwaga kata moja. Tangu siku hiyo koki inafungwa mchana kutwa, na usiku wa zamu pipa linakaa chini yake na mtu mmoja anaamka kulisubiri. Maji ya mwanzo huja na tope. Hayo nayaweka kando kwa ajili ya miti.

Baada ya hapo nikakaa nikaamua kipi kiishi. Ukitaka kuokoa kila kitu, utapoteza vyote. Ukoka wa mbele niliuacha ukawa njano, nao ulichipua wenyewe mvua iliponyesha. Mwembe mkubwa haukuhitaji kitu, mizizi yake iko mbali chini. Mchicha tuliuchuma wote tukala, sikupanda mwingine, kwa kuwa unataka maji kila siku. Wa kupigania walibaki mashina 8 ya nyanya yaliyokwisha kuweka matunda, mpapai, na mwembe mchanga ambao hata mwaka ulikuwa haujafikisha.

Umwagiliaji wenyewe nilikuwa nakosea miaka yote. Siku moja, baada ya kunyunyizia tuta kwa mpira, nilichimba kwa kisu cha jikoni. Juu palikuwa na unyevu wa pingili moja ya kidole. Chini yake vumbi tupu, jeupe, la moto. Mzizi wa nyanya ulikuwa haujaguswa. Maji yale yote yalikuwa yanaishia kwa jua.

Shangazi alipokuja kututembelea, nikamwonyesha. Akaniuliza, "Mwanangu, ile mitungi ya marehemu bibi yako mmeitupa?" Ilikuwa miwili stoo, midomo imemeguka. Tukaizika katikati ya nyanya, mashina 4 kuzunguka kila mtungi, shingo tu ikabaki juu. Unajaza maji, unafunika kwa sahani ya bati, na udongo wenyewe unayavuta taratibu kupitia ukuta wa mtungi. Wangu ulikuwa unakaa siku tatu ndipo nijaze tena. Jaribu mtungi kabla ya kuuzika: ujaze, uache kivulini usiku kucha, asubuhi upapase nje. Ukiwa na jasho, unafaa. Uliopakwa rangi hautoi jasho. Kama huna mtungi, toboa chupa ya plastiki matundu madogo karibu na kitako, uizike vilevile, ingawa hiyo huisha maji haraka zaidi.

Juu ya udongo nikatandaza pumba za mpunga, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Pumba mashineni tunazipata kirahisi, na chini yake udongo ulibaki na ubaridi hata saa nane mchana. Kama ningeambiwa nichague jambo moja tu, ningechagua hili.

Maji ya kuoshea mboga na mchele yalikwenda kwa nyanya. Maji ya suuza ya nguo yalikwenda kwa mpapai na mwembe mchanga, shinani, siyo kwenye majani. Yenye jiki usimwagie mmea wowote. Na usiyaweke ya kufulia hadi kesho, yananuka.

Uwanja tuliacha kuunyunyizia kabla ya kufagia. Tulifagia jioni upepo ukitulia. Pikipiki ilifutwa kwa kitambaa na nusu ndoo.

Pipa lifunike kwa chandarua kilichokazwa kwa kamba. Mbu akitaga humo, joto letu likiwa kali, ndani ya siku kumi hivi umeshafuga mbu wapya nyumbani mwako.

Maji yaliporudi kama kawaida, mitungi sikuifukua. Bado iko pale, na shangazi kila akija huinua ile sahani ya bati kwanza kabla hajaingia ndani.