Jibu: Pikapu za besi ya 1972, usikimbilie kubadilisha

Waalaykumu salaam, ndugu yangu wa Chake Chake. Umesema gitaa lako la besi, Fender Jazz Bass ya 1972, pikapu ya nyuma (kile kinasa mlio chenye sumaku chini ya nyuzi) imefifia, na unaogopa mpya itaua ule mlio wa zamani. Usifungue pochi bado. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, anza na tundu la kuchomekea waya na vile vitufe vya sauti, visafishe. Yangu nilishaitangaza maiti, kumbe lehemu imeachia tu.

Kisha ifungue pikapu waya wake mmoja kwenye kitufe, uipime ukinzani kwa mita ya umeme. Nzima husoma kilo-omu 7 hivi. Isiposoma kitu, uzi wa waya uliozungushwa ndani yake (koili) umekatika, na uzi wenyewe mwembamba kama unywele. Hapo bora isukwe upya, unene uleule wa uzi, mizunguko ileile, sumaku zake zibaki. Mlio uko humo.

Ukilazimika kununua, chukua ya koili moja yenye sumaku za alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti), vitufe vibaki vya kilo-omu 250, na mti usiuchonge hata kidogo. Ya zamani ihifadhi. Pikapu mbili zikilia pamoja sauti ikawa nyembamba, haina tumbo, geuza nyaya za ile mpya.