Ukurasa hauna rangi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niliandika ukurasa kwa Notepad, nikauhifadhi kama duka.html. Nikiufungua kwenye VS Code, programu ya kuandikia msimbo, msimbo wote ni mweupe. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nadhani faili lako linaitwa duka.html.txt. Windows, usipobadili mipangilio, huficha kiendelezi, yaani herufi za mwisho wa jina la faili kama .html au .txt, na VS Code hutambua lugha hasa kwa hicho kiendelezi. Angalia chini kulia: kama pameandikwa Plain Text, ndilo hilo. Ukibofya hapo na kuchagua HTML, rangi zitarudi, lakini kivinjari bado kitakuonyesha msimbo mtupu. Badili jina lenyewe, uondoe .txt. Mimi kosa hilihili lilinilia jioni nzima, usivunjike moyo.