Anza na ile ya stima iliyopotea Ghana

Mhariri, wiki iliyopita mliwauliza wasomaji swali hili: mwanaprogramu, au mtu anayependa tu mambo ya teknolojia, asikilize podikasti gani? Mimi huu ni mwaka wa saba naandika programu. Naishi Rongai na kazi iko mjini, kwa hivyo podikasti, hivyo vipindi vya sauti vya kupakua kwenye simu, ndizo zinazonivusha Lang'ata Road asubuhi na jioni bila kugombana na makanga.

Gari za Rongai mnazijua. Spika zimewekwa chini ya viti, na besi inakupiga mgongoni kabla haijafika sikioni. Podikasti yenye watu watatu wanaocheka na kukatizana haifiki hata Galleria, unaizima. Inayopenya ni sauti moja, iliyorekodiwa vizuri, inayosimulia kisa kwa utaratibu. Ndiyo maana jibu langu la kwanza ni Darknet Diaries ya Jack Rhysider, aliyeianza mwaka 2017. Visa vyake ni vya wadukuzi, majasusi, wezi wa data na watu wa kawaida waliojikuta katikati yao.

Ukitaka pa kuanzia, tafuta kipindi chake kuhusu NotPetya. Hiyo ni programu haribifu iliyolipuka tarehe 27 Juni 2017 kutoka Ukraine, ikiwa imefichwa ndani ya masasisho ya programu ya uhasibu inayotumiwa na kampuni za huko. Maersk, wale wa meli na makontena, walikuwa na programu hiyo ya uhasibu kwenye kompyuta ya ofisi yao ya Odessa, hukohuko Ukraine, na ile haribifu ikasambaa kutoka hapo. Mashine kama 150 hivi zilizokuwa zikitunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao duniani kote zilifutwa karibu zote. Kila moja ilikuwa imewekwa iwe nakala ya mwenzake, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba zingekufa kwa pamoja, siku ileile.

Ikabaki moja tu, Ghana. Kwa nini Ghana? Stima ilikuwa imepotea! Umeme haukuwepo, kwa hivyo mashine ilikuwa nje ya mtandao wakati wenzake wakiteketea. Mwandishi wa habari Andy Greenberg, aliyekifuatilia kisa hiki kwa undani, anaeleza kwamba intaneti ya ofisi ile ilikuwa nyembamba mno, data ingechukua siku kadhaa kufika Uingereza, walikokuwa wakijenga upya mtandao wao. Basi mtu aibebe kwa ndege. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja asafiri hadi Nigeria, akutane uwanjani na mwenzake, amkabidhi diski, na huyo ndiye akapanda ndege ya London. Kampuni inayobeba mizigo ya dunia nzima iliokolewa na mzigo wa mkononi.

Nilikuwa nimekwama kwenye msongamano karibu na uwanja wa ndege wa Wilson nilipoyasikia hayo, nikacheka peke yangu hadi mama aliyekaa kando yangu akavuta mkoba wake. Lakini kicheko kiliisha nilipofika ofisini. Nilimuuliza mwenzangu anayesimamia seva, zile kompyuta zinazotunza data ya ofisi, "Nakala zetu za akiba huwa zinakaa wapi?" Akanifungulia skrini. Zilikuwa kwenye seva ileile, folda ya pili. Wiki hiyo tulinunua diski ya nje, tukaiandika kwa kalamu nzito GHANA. Haichomekwi isipokuwa Ijumaa jioni, na ikishanakili inachomolewa.

Hicho ndicho kipimo changu. Podikasti za kutangaza bidhaa mpya nimeachana nazo, kwa sababu mwenye bidhaa hatakuambia ilipomshinda. Natafuta za watu wanaoeleza kilichoharibika na walichokifanya usiku ule. Msiniletee pia za kusoma kodi kwa mdomo (maandishi ya programu, siyo kodi ile ya KRA). Mabano na nukta-mkato ni kazi ya macho, sikio halina pa kuyaweka.

Kwa anayetaka kina kuhusu uundaji wa programu, Software Engineering Radio ipo tangu 2006, na tangu 2012 iko chini ya jarida la IEEE Software. Ni mahojiano marefu, makavu kidogo, lakini anayehojiwa huwa anajua anachokisema. Usiisikilize ukiwa na usingizi. Security Now ya Steve Gibson na Leo Laporte, ya usalama wa kompyuta, ni kongwe zaidi, ilianza 2005. Gibson alikuwa ametangaza kwamba ataacha akifika kipindi cha 999, kisha akabadili nia, akaendelea. Kipindi kimoja kinaweza kupita saa mbili, yaani kwenda na kurudi Rongai siku ya mvua. Wanaoandika kwa lugha ya kompyuta ya Python wana Talk Python To Me ya Michael Kennedy. Na anayetaka kujua kampuni za Afrika zinapataje pesa, badala ya kusikia za California kila siku, awasikilize Olumide Ogunsanwo na Bankole Makanju kwenye Afrobility.

Sasa anayeanza. Kijana wa jirani yangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana na anajifunza kwa simu. Nilimpa Command Line Heroes, iliyotengenezwa na kampuni ya programu ya Red Hat na kuendeshwa na Saron Yitbarek, msimu wa tatu. Msimu huo wote ni historia ya lugha za kompyuta: Python, JavaScript, BASIC, COBOL na nyingine. Vipindi ni vifupi na Kiingereza chake hakikimbii. Jioni akaja mlangoni. "Kaka, nimeelewa hadi walipofika kwa kompaila. Hiyo ni nini?"

Nikamuuliza, kanisani kwenu mhubiri mgeni akija, nani anatafsiri? Akasema kuna mkalimani anayesimama kando yake, sentensi kwa sentensi. Nikamwambia kompyuta nayo inahitaji wa kuitafsiria programu tunazoandika, na huyo wa kando ndiye intapreta. Kompaila ni yule anayechukua mahubiri yote yaliyoandikwa, akayatafsiri mwanzo hadi mwisho, akakupa kijitabu ukasome nyumbani mhubiri akiwa ameshaondoka. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na mhubiri akikosea?" Nikamjibu kwamba wa kando anakwama palepale watu wote wakimwangalia, wa kijitabu anakataa kukichapisha hadi kosa lirekebishwe. Nusu saa nzima tulikuwa mlangoni, chai yangu ikapoa. Hayo mazungumzo, kwa Kiswahili hikihiki, ningependa kuyasikia kwenye gari asubuhi. Mwenye maikrofoni na muda asingoje aalikwe.

La mwisho ni bando. Saa moja ya sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde haifiki megabaiti 60, na ukipakua ukiwa kwenye WiFi hulipi chochote. Mimi natumia AntennaPod, programu ya kusikilizia podikasti, kwenye Android. Ni ya bure, kodi yake iko wazi kwa yeyote kuisoma, na unaweza kuiagiza ipakue kwa WiFi tu. Nazipakua ofisini saa kumi na moja kabla ya kushuka stendi ya Railways kupanda gari. Ijumaa huwa nachelewa kidogo, kwa sababu ndiyo siku ya kumchomeka Ghana.

Msomaji, Ongata Rongai