Usimzimie redio

Ndugu yangu, umeuliza kama uzime redio timu ya soka ya Gor Mahia ikicheza, kwa kuwa mkeo figo zimeshindwa, anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki na hawezi tena kwenda uwanjani. Usizime. Ugonjwa umemnyang'anya mengi. K'Ogalo, hiyo Gor yake, usimnyang'anye wewe.

Mume wangu alipougua saratani, nami nilinyamaza hivyo hivyo nikidhani namhurumia. Jioni moja akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwani tulifungwa?" Niliketi ukingoni mwa kitanda nikamsimulia mechi nzima, hata kona. Kila nilipotaja goli, alinibana vidole.

Siku ya kusafishwa damu huchosha mno, basi mwache alale, umwekee matokeo. Siku nyingine mpe jezi yake ya kijani, muulize yeye angemwanzisha nani. Mkifika kwenye 1987, Gor ilipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika, mwache asimulie yeye. Kumpeleka uwanjani, waulize wauguzi kwanza: jua la Kisumu huleta kiu, na maji anayokunywa ni ya kupimiwa. Akisinzia kabla ya kipenga cha mwisho, punguza sauti tu. Usiondoke.