Ardhi ni ya nani? Majibu kwa wanaotafuta nyumba za kupangisha Mombasa

Barua za mwezi huu ni nyingi, na nusu yake zinauliza jambo moja kwa maneno mbalimbali. Nimechagua nane. Ambaye lake halimo asome ya wenzake, huenda akapata jibu humo.

Nimepata nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita huku Kisauni, inauzwa shilingi 1,200,000. Wapangaji wamejaa, kila chumba 3,000. Ni nyumba bila ardhi, lakini mwenyewe asema hakuna shida, kodi ya ardhi ni ndogo. Nichukue? – Kijana wa Bombolulu

Mwanangu, hesabu iliyokuvutia naiona. Vyumba sita kwa 3,000 ni 18,000 kwa mwezi, 216,000 kwa mwaka. Haitimii miaka sita pesa zako zimerudi. Nyumba yenye hati haikurudishii pesa upesi hivyo, na hapo ndipo ungejiuliza kwa nini hii inauzwa bei hiyo.

Unachouziwa ni kuta, mabati na milango. Chini ni kwa mtu mwingine. Mtindo huu ni wa Pwani yetu tangu zamani: mwenye shamba humruhusu mtu ajenge, mjenzi humlipa kodi ya ardhi, na nyumba huuzwa, hurithiwa, hupangishwa, bila ardhi yenyewe kuguswa. Majengo, Kisauni, Changamwe, Likoni, kuna mitaa mizima iliyokaa hivyo. Watu wamezaliwa na kuzikana humo, wala siwadharau. Lakini benki haitaipokea nyumba hiyo kuwa dhamana. Ukitaka kuongeza ghorofa, mwenye ardhi aweza kukukatalia. Na siku akifa, unaanza upya na warithi wasiokujua.

Marehemu baba yangu alikuwa na nyumba kama hiyo. Stakabadhi za kodi ya ardhi alizitia katika mkebe wa biskuti, kila mwaka umefungwa kwa uzi wake. Warithi wa mwenye ardhi walipouza, tuliuchukua mkebe ule tukaenda nao kwa wakili. Alizifungua, akazipanga juu ya meza yake mpaka meza ikajaa, kisha akatuambia kwa upole kwamba kila stakabadhi pale inathibitisha baba alijua ardhi si yake. Tulipewa miezi mitatu. Tulibomoa kwa mikono yetu ili tuokoe mbao na mabati. Miaka thelathini ya kodi za wapangaji, na kilichotoka pale ni lori moja la mbao.

Kwa hivyo, kabla ya kumlipa mwenye nyumba, nenda kwa mwenye ardhi. Muulize kama atakuuzia kile kipande, au atakupa mkataba wa kukodi ardhi wa miaka mingi uliosajiliwa katika ofisi ya ardhi. Ahadi ya mdomo, hata iwe mbele ya mzee wa mtaa na mashahidi kumi, usiitolee pesa. Uliza pia kama ardhi ni ya wakfu, yaani imetolewa daima kwa ajili ya dini au hisani. Wakfu hauuzwi, na mjini kwetu, hasa Mji wa Kale, zipo nyumba nyingi zilizosimama juu ya wakfu. Tume ya Wakfu iko hapahapa Mombasa. Kwenda kuuliza hakukumalizii asubuhi. Mwenye ardhi akikataa yote mawili, kuuza na kuandikiana, rudi nyumbani na pesa zako.

Eneo gani ni zuri kununua nyumba ya kupangisha? – Wasomaji kumi na wawili

Lile unaloweza kulifikia kila mwezi, lenye maji, na ambalo hati yake umeichunguza wewe mwenyewe katika ofisi ya usajili. Tafadhali msiniandikie tena swali hili bila kuniambia mna pesa ngapi na mnataka kumpangisha nani.

Nikitengeneza paa na choo, naweza kupunguza gharama hizo kwenye ushuru wa KRA? – Mama wa Mikindani

Hapana, mama. Ushuru wa nyumba za kuishi hukatwa juu ya kodi yote uliyopokea, bila kutoa gharama yoyote. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, kabla ya hapo ilikuwa 10. Unamhusu mkazi anayepata kuanzia 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukiona gharama zako ni kubwa mno, waweza kumwandikia Kamishna wa KRA, mamlaka ya mapato, uombe kutozwa kwa utaratibu wa kawaida wa mwaka, ambao unakubali gharama. Hapo lakini utatakiwa risiti, na fundi wako nadhani hakukupa hata moja.

Benki imekubali kunikopesha milioni 6 nikiongeza 2 zangu, ninunue nyumba ya vyumba viwili Nyali. Kodi ni 50,000. Nimeambiwa mpangaji atanilipia mkopo. – Mwalimu wa sekondari

Aliyekuambia ni anayeuza. Tukae tuhesabu, mwalimu.

Mwezi mmoja kwa mwaka nyumba itakaa tupu, wewe kubali tu. Umebaki na 550,000. Ada ya huduma ya jengo, yaani lifti, mlinzi, taa za ngazi na maji ya tangi, tuseme 7,000 kwa mwezi: 84,000. Ushuru asilimia 7.5: 41,250. Rangi, bomba, kitasa: 40,000. Mkononi pana 384,750. Kwa nyumba ya milioni 8, hiyo haifiki asilimia 5.

Sasa mkopo. Ukitozwa riba ya asilimia 14, mwaka wa kwanza riba peke yake inakaribia 840,000. Pengo ni kama 455,000, karibu 38,000 kila mwezi kutoka kwenye mshahara wako, na deni lenyewe hujaligusa. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, ni 320,000 nyingine kabla hujapewa ufunguo, na wakili bado.

Kwa wanaokwepa riba, ziko benki za Kiislamu hapa zinazonunua nyumba kwa ubia nawe, ukawa unalinunua fungu lao kidogo kidogo huku ukilipia pango. Njia ni ya halali, lakini kodi ya nyumba ile itabaki 50,000, na milioni 8 itabaki milioni 8. Fanya hesabu hiyohiyo.

Zile milioni 2 zako ningezitia kwenye kiwanja kidogo chenye hati, Kiembeni au Utange, na nyumba ya chini tu, vyumba vya wapangaji wawili watatu, juu ya msingi uliopimwa na mhandisi kubeba ghorofa, ramani ikiwa imeidhinishwa na kaunti. Kodi ya chini ndiyo inayojenga ya juu. Yaweza kuchukua miaka kumi. Lakini ukipoteza kazi katikati hakuna wa kuja kuipiga mnada.

Na ukishikilia nyumba ya Nyali, dai hati ya nyumba yenyewe chini ya sheria ya umiliki wa majengo ya pamoja ya 2020. Cheti cha hisa za kampuni ya jengo hakitoshi.

Mpangaji hajalipa miezi mitatu. Naweza kumfungia mlango au kumtolea mabati? – Landilodi wa Magongo

Huwezi. Hili nalijibu kila mwezi na kila mwezi kuna anayeng'oa mlango wa mwenzake kisha akashangaa kupelekwa kortini. Kumkatia maji na stima ni kosa vilevile. Mpe ilani kwa maandishi, kisha nenda mahakamani. Nyumba zenye kodi isiyozidi 2,500 zina baraza lake la kodi. Duka ni mambo mengine kabisa: kama hamna mkataba wa maandishi, au ni wa miaka isiyozidi mitano, mpangaji analindwa na sheria ya wapangaji wa biashara, na huwezi kumtoa wala kumpandishia kodi bila ilani ya kisheria anayoweza kuipinga mbele ya baraza.

Lakini niulize nami: ulimwandikia mkataba? Ulimtoza dipoziti? Ulimwendea mwezi wa kwanza alipochelewa, au ulingoja mpaka umekasirika? Huyo ni mtu na watoto wake. Mara nyingi aliyekawia mwezi mmoja, ukikaa naye, hulipa kwa mafungu. Aliyefikia mitatu kimya ameshakata tamaa.

Niko Doha. Kaka yangu ananijengea nyumba nne za kupangisha Mtwapa, kwa picha naona zimefika lenta. Sasa ataka pesa za slabu ya zege. Nimtumie? – Dada mhudumu wa hoteli

Dada yangu, hati iko kwa jina la nani? Hukusema, na karibu kila anayeniandikia kutoka Ghuba hasemi. Usitume hata riali moja mpaka umejua. Mtwapa iko Kaunti ya Kilifi, basi faili lake usilitafute Mombasa. Mpe wakili unayemlipa wewe, si wa kaka, namba ya ploti akachunguze mmiliki ni nani na kama kuna deni au zuio. Ikiwa ni kwa jina la kaka, litengenezwe hilo kwanza. Simtuhumu kaka yako. Nazungumzia kaburi na talaka: yeye akifa kesho, watakaorithi ni mkewe na wanawe.

La pili ni slabu yenyewe. Juzi nilikagua jengo lisilotimiza miaka kumi, kando ya bahari. Chini ya ngazi plasta ilikuwa imevimba. Niliibandua kwa ufunguo wa gari. Nondo iliyokuwa unene wa kidole ilibaki kama msumari, na kutu iliyoizunguka ikanimegukia kiganjani kama kashata. Juu ya ngazi hiyo watoto walikuwa wanapanda na kushuka na madumu ya maji.

Chanzo ni chumvi. Fundi amechota mchanga wa pwani kwa kuwa ni rahisi, au amechanganya saruji kwa maji ya kisima cha chumvi, au ameziacha nondo karibu na uso wa zege. Chumvi ikifika chumani, chuma hushika kutu, kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Ukiona ufa, ndani kumeshaharibika. Upepo wa bahari peke yake unatosha kutuletea shida, sembuse tukiichanganya chumvi kwa mikono yetu.

Basi kabla ya pesa ya slabu, lipa mhandisi asiyejuana na kaka wala fundi, aende siku nondo zimefungwa na zege halijamwagwa. Aangalie unene wa nondo, zimeinuliwa kiasi gani kutoka kwenye mbao, mchanga umetoka wapi, maji yametoka wapi. Umetandika vitanda vya watu miaka mingapi kupata pesa hizo? Malipo ya mhandisi ni kidogo mbele yake.

Nigeuze nyumba yangu ya Shanzu iwe ya wageni wa siku mbili tatu? – Mzee wa Tononoka

Ukiwa na mtu wa kuisimamia kila siku, sawa. Chukua leseni ya mamlaka ya utalii na uulize majirani. Na mapato yapigie hesabu ya mwezi wa Mei, mvua ikinyesha, usiyapigie ya Disemba.

Mimi ni mjane, miaka 68. Marehemu aliacha ploti ya nyumba nane Tudor. Hati ingali kwa jina lake, mwaka wa kumi na moja huu. Nina watoto wanne, mmoja ndiye hukusanya kodi. Nataka niwaachie bila ugomvi. – Mama wa Tudor

Shikamoo mama. Ugomvi umeshaanza, ila bado haujapata sauti. Ploti hiyo kisheria ni ya marehemu. Hamwezi kuiuza, wala kuikopea, na kila mwaka unaopita warithi wanaongezeka.

Ikiwa nyinyi ni Waislamu, nendeni kwa Kadhi, wote watano, mkapewe hukumu ya mirathi. Fungu lako ni thumni, yaani moja ya nane, yanayobaki ni ya watoto, wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Wasia usiutegemee kumpendelea mmoja: haupiti theluthi, na mrithi hausiwi ila wenzake waridhie. Kupata mafungu hakulazimishi kuuza. Andikisheni hati kwa majina ya warithi wote, kila mmoja na fungu lake, na nyumba nane ziendelee kupangishwa kama sasa. Wengi huuza kwa kudhani hakuna njia nyingine ya kugawana, na pesa za ploti ya Tudor huisha haraka.

Kodi ziingie katika akaunti moja ya benki, zisipitie simu ya mtoto yeyote. Kabla ya kugawana, itolewe sehemu ya kumi ya matengenezo, na ushuru. Anayekusanya alipwe mshahara wake uliotajwa, maana miaka kumi na moja amehangaika na mabomba na wapangaji, nalo si jambo dogo.

Na kabla ya Kadhi, mama, waite Jumapili hii. Mwambie anayekusanya alete daftari la kodi aliweke mezani mbele ya ndugu zake. Kama hana, nunueni moja siku hiyohiyo, muanze kuandika na kodi ya mwezi huu, nyumba moja moja.