Albamu ya kwanza ya bendi ya roki: kazi kubwa iko kabla ya studio

Oktoba 1969 Black Sabbath, bendi ya roki ya Uingereza, waliingia studio London, wakapiga pamoja kama wako jukwaani, na ndani ya siku moja albamu yao ya kwanza ikawa imerekodiwa. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni bahati au kipaji cha ajabu. Ukweli ni kwamba nyimbo zile walikwisha kuzipiga sana vilabuni, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuuliza kiitikio kinarudi mara ngapi. Bendi nyingi changa hulipia studio kwa saa, halafu zinaanza mazoezi humo humo huku saa inahesabu.

Basi anzeni na mazoezi, na yarekodini kwa simu. Kila wimbo uwe na karatasi moja: kasi yake kwa mapigo ya dakika, ufunguo, mpangilio wa beti na viitikio, na jinsi unavyomalizika. Mpiga dramu afanye mazoezi na metronomu, yaani mlio unaohesabu mapigo, masikioni angalau mwezi mzima. Akiisikia kwa mara ya kwanza studio, atakuwa anaikimbiza au anaiburuta, na hakuna kompyuta itakayourudisha uhai wa wimbo huo. Kasi ya jukwaani nayo msiiamini. Mbele ya watu mikono huenda mbio, hivyo wimbo mnaoupiga kwa 150 mara nyingi hukaa vizuri zaidi kwa 144. Andaeni nyimbo 12, mrekodi 10. Dakika 35 hadi 40 zinatosha, na mkija kutaka santuri, kila upande unabeba kama dakika 20 bila sauti kufifia.

Dramu ndizo zinazokula muda, na huko ndiko pesa ziende. Wekeni ngozi mpya siku moja kabla ili zipate kunyooka, kisha mzikaze upya kila baada ya wimbo mmoja au miwili. Maiki mbili za juu ziwe umbali sawa kutoka kwenye sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Pimeni kwa waya, msikadirie kwa macho. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo tofauti ndogo tu inafanya mawimbi yagongane na sneya isikike nyembamba kama kopo. Ikitokea hivyo, geuzeni polariti ya maiki moja, yaani mpindue wimbi lake juu chini, na msikilize tena kabla ya kugusa ekwalaiza, kifaa cha kupandisha au kushusha besi na sauti kali. Kuna kosa jingine dogo linaloharibu miisho ya nyimbo: metronomu inavuja kutoka kwenye hedifoni na kusikika wakati matoazi yanafifia. Fundi aishushe au aikate mara tu pigo la mwisho linapopigwa.

Gitaa zivikwe nyuzi mpya siku moja kabla, na urefu wa nyuzi ukaguliwe kwa kulinganisha noti ya freti ya 12 na harmoniki yake, yaani mlio unaotoka ukigusa tu uzi hapo bila kuubana. Punguzeni distoshani, ule mkwaruzo wa gitaa la roki, kuliko mnavyozoea. Mkirudia gitaa mara mbili, moja kushoto na nyingine kulia, ukali unajikusanya na kugeuka ukungu. Maiki ikae sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye wavu wa spika, ikielekea pembeni kidogo ya katikati. Rekodini pia ishara safi ya gitaa kabla haijaingia kwenye amplifaya. Ikibainika baadaye kwamba sauti haifai, mtaipitisha upya bila kumwita mpigaji. Besi ifanyiwe hivyo hivyo.

Mkirekodi kwa biti 24, sauti kubwa kabisa ibaki angalau desibeli 6 chini ya ukomo wa mashine. Kurekodi kwa sauti kubwa hakuna faida yoyote siku hizi. Kila jioni nakilini kazi kwenye diski mbili, na pale umeme unapokatika ovyo, kompyuta iwe kwenye UPS, betri inayoshika umeme ukikatika.

Mwimbaji asipewe zaidi ya saa mbili au tatu kwa siku. Wimbo wa kupasua koo uwe wa mwisho: ndivyo Beatles walivyofanya tarehe 11 Februari 1963, John Lennon akiwa na mafua, baada ya kutwa nzima ya kurekodi.

Kuchanganya sauti kusifanyike siku ya kurekodi, maana masikio yamechoka na kila mtu anataka chombo chake kipande juu. Mtu mmoja tu ndiye atume marekebisho kwa fundi, kwa maandishi, yakitaja dakika na sekunde. Miksi inayokwenda kwa fundi wa masta, anayeipa albamu umbo lake la mwisho, isiwe imebanwa na limita, kifaa kinachozuia sauti isipande juu ya kiwango fulani, vinginevyo hana nafasi ya kufanyia kazi.

Kabla hamjaondoka studio, dai mafaili ya kila chombo peke yake na toleo lisilo na uimbaji. Mgawo wa haki za kila wimbo uandikwe na kutiwa saini na wote siku hiyo hiyo, kabla wimbo haujaanza kuleta pesa.